Tupeane uzoefu: sosholojia ya darasani ilikusaidia wapi kwenye ustawi wa jamii?

Wadau, salaam. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, milimani Uluguru. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea shauri la mtoto wa miaka saba aliyefiwa na mama. Nikakaa na baba, tukakubaliana amlee, nikafunga jalada. Wiki tatu tu, mtoto karudi kwa bibi mzaa mama. Nikampeleka tena, karudi tena. Nilipofika mara ya tatu bibi alikuwa anapukuchua maharage uani. Hakuinua hata kichwa: "Mwanangu, mjomba wake umemuuliza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Somo la ukoo na undugu nililisoma ili nifaulu mtihani, basi. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama, na neno la mjomba lina uzito. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka tutangulize maslahi ya mtoto. Mimi nilikuwa nayatafuta bila kumwita anayesikilizwa. Kikao kilichofuata mjomba alikuwepo. Mtoto akabaki kwa bibi, baba akabeba sare na madaftari. Mtoto hajahama hadi leo. Wenzangu?

Mdau, Mtwara: Asante kwa kufungua mada. Mimi nilikabidhiwa majina 14 ya "watoto watukutu", watoro. Nikaanza ushauri nasaha, mmoja mmoja, wiki nzima, sipati kitu. Siku moja nikaomba rejesta nikafuatisha tarehe kwa kidole: karibu wote walianza kukosa Oktoba. Korosho! Wazazi wamehamia mashambani na watoto wamewafuata. Mwanasosholojia Mills alishasema mwaka 1959 tutenganishe shida ya mtu na suala la jamii. Tukakaa na mwenyekiti wa kijiji, tukatafuta ndugu wa kukaa na watoto kijijini msimu huo. Wanane wamerudi. Sita bado nahangaika nao.

Mdau, Dar: Naomba nitie tahadhari. Niko hospitali. Kuna mama alikataa kabisa kumleta mumewe kupima VVU, nikaandika kwenye faili "mila na desturi", kwa sababu ya kabila lake tu. Ziara ya nne ndipo nikamuuliza kodi ya chumba analipa nani. Akanyamaza, akafunga vizuri kanga ya mtoto mgongoni. "Yeye. Na imebaki miezi miwili." Nilifuta yale maneno mbele yake, tukaanza upya na suala la kipato.