Nyumba bila ardhi Malindi: anayeanza anunue au akae mbali?

Mleta mada

Assalam aleikum jamani. Naomba tulijadili hili bila kuoneana haya, maana vijana wetu wanazitia humu akiba za chama na za miaka ya kazi Uarabuni.

Dalali amemletea mdogo wangu nyumba ya vyumba sita Maweni, kuta za mawe, paa la mabati, kwa laki tisa. Kila chumba chapangishwa elfu tatu kwa mwezi. Kwa mwaka ni 216,000, hivyo pesa yarudi kwa miaka minne na kidogo. Tangu aambiwe hivyo hapati usingizi.

Tatizo ni nyumba bila ardhi. Kwa asiye wa pwani: kuta na paa ni zako, udongo ni wa mtu, na wamlipa kodi ya ardhi. Mambo haya yana mizizi mirefu. Sheria ya 1908 ya kusajili ardhi za pwani iliwapa hati waliojitokeza na kuthibitisha madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni, na wengi waliokuwa wakiilima wakabaki juu ya udongo wa wengine.

Mimi nasema anayeanza asianzie hapo. Laki tisa zote zimeegemea subira ya mwenye ardhi. Nipingeni kwa hoja.

Mama wa Maweni

Wa aleikum salaam mwanangu. Nakupinga. Nyumba yangu ni bila ardhi, na ndiyo iliyosomesha wanangu wote. Ploti ya hati mjini, kijana wa mshahara wa hoteli ataifikia lini?

Ila hesabu ya dalali ni ya vyumba vilivyojaa mwaka mzima. Mvua za masika zikianza, hoteli nyingi hufunga na wafanyakazi hurudi kwao. Toa vyumba viwili vitupu miezi mitatu, zabaki 198,000. Toa kodi ya ardhi, kunyonya choo, mabati yanayoliwa na chumvi ya bahari. Mimi ningeshika 150,000. Basi ni miaka sita, na hiyo nyumba haifiki laki tisa. Amwambie dalali laki sita, kisha anyamaze.

Na asitoe hata shilingi kabla ya kuona risiti za kodi ya ardhi na kumsikia mwenye ardhi mwenyewe akimkubali.

Kijana wa Mambrui

Mnaisifu hati kama kinga ya kila kitu. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za takriban ekari 500,000 kule Lamu, zilizokuwa mikononi mwa kampuni 22. Hati yataka kuchunguzwa ilikotoka: fanya sachi ofisi ya ardhi, yaani wakuangalilie rekodi ya mwenye hati, waulize majirani, tembea mipaka na mpimaji. Likiwa shamba, idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu kuandikiana, la sivyo mauzo hayana nguvu. Kisha ushuru wa stempu wa kuhamisha hati, asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani. Baada ya yote hayo ploti yangu yaota vichaka, hainiletei hata elfu kwa mwezi. Heri vyumba vya Maweni.

Fundi wa Barani

Shikamoo mama. Mimi nilikuwa na karatasi, na mzee mwenye ardhi alitia sahihi mbele ya watu. Alipofariki, wanawe wakauza ardhi. Mnunuzi akaniambia hanijui. Niliondoka na mabati, milango na madirisha. Kuta hazibebeki. Vyumba vinne, jasho langu la miaka saba.

Mleta mada

Pole sana fundi. Hili ndilo lililokuwa likinisumbua, na sasa nageuza kidogo msimamo. Iwapo mwenye ardhi na wanawe watu wazima watatia sahihi mbele ya wakili, na bei ishuke kama alivyosema mama, sitamzuia mdogo wangu. Na muuzaji akiwa ni mmoja wa warithi wa hiyo nyumba, tuone kwanza karatasi ya mirathi kutoka kwa Kadhi na ndugu zake wote waseme ndiyo. Pasipo hayo, aache pesa yake ipumzike.

Lakini mama, nyumba ziko nyingi juu ya ardhi ya mtu mmoja. Kwa nini wenye nyumba hamumwendei pamoja awauzie udongo?

Mama wa Maweni

Tulimwendea mwaka jana, mwanangu. Alikubali, hata bei aliitaja. Tulioshindwa ni sisi: wengine walichanga, wengine wakasema wameishi hapo miaka yote bila hati na hawajafukuzwa. Nimeyasoma ya fundi, na nitayapeleka kikaoni Ijumaa baada ya Alasiri. Mdogo wako aje asikilize kabla hajanunua. Nawe fundi, ukiweza, uje uwaambie mwenyewe.