Dawa ya wadudu sipamethrini ya sukuma karibu na bwawa la samaki: inaisha lini?

Mkulima_Vihiga: Habari zenu. Bwawa langu la ngege ni mita 15 kwa 10, kina mita 1. Sukuma wiki iko juu yake kwenye mteremko, vidukari wamezidi. Nikipiga sipamethrini ya 10% leo na mvua inyeshe keshokutwa, kuna shida?

BwanaMabwawa: Usipige, ndugu. Hilo bwawa lina lita 150,000. Kijiko cha chai (mililita 5) cha dawa hiyo kina gramu 0.5 ya sumu yenyewe. Kikiingia chote ni mikrogramu 3.3 kwa lita, na samaki wengi hufa kwa kiwango hicho. Ini la binadamu huivunja upesi, la samaki polepole mno.

Udongo_Kisumu: Hesabu sawa, ila sumu hii haizami na maji, hushika udongo. Kinachoipeleka bwawani ni tope. Nusu yake huchukua wiki kadhaa kuvunjika shambani, kwa hiyo siku mbili si kitu. Chimba mtaro wa kukinga maji, panda mabingobingo chini yake. Pampu usioshee mtoni!

Mkulima_Vihiga: Na pareto, dawa ya maua?

Udongo_Kisumu: Juani nusu yake huisha ndani ya siku moja. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitafuta inayostahimili jua, wakatoa pamethrini, ndugu ya sipamethrini, mwaka 1973. Lakini pareto mbichi ikidondokea bwawani huua samaki vilevile, hata kama muuzaji atakuambia ni ya asili. Piga jioni nyuki wakishalala, upepo umetulia, na ulenge chini ya majani.