Familia ya Raskazone: baraza ya mbao

Zuhura: Asalaam aleikum. Fundi kashapima sakafu ya baraza uwani upande wa bahari, mita 6 kwa 4. Anataka kujua mbao gani. Anasema leo leo.

Kaka Omari: Waaleikum salaam. Mninga. Si tulishaongea?

Zuhura: Uliongea wewe 😅

Shangazi Tatu: Mninga wa kitanda ndio mwende kuulaza mvuani?

Kaka Omari: Shikamoo shangazi. Mninga mchwa hawaugusi, na rangi yake mnaijua wenyewe.

Shangazi Tatu: Marahaba baba. Na bei yake tunaijua.

Mjomba Kombo: Omari, mti mzuri huo, hautanuki ovyo wala haupindi. Lakini nje hiyo rangi unayoilipia huipati. Jua la Tanga likishaupiga mwaka mmoja, mninga, mvule, msaji (mtiki), zote kijivu. Nje lipia ugumu, rangi waachie wa ndani.

Kaka Omari: Kijivu si ndiyo kuoza, mjomba?

Mjomba Kombo: Hapana. Kijivu ni juu juu tu, ukikwangua unakuta mti wako ule ule. Mbao iliyooza unaichoma kisu kinazama.

Rukia: Shikamooni wakubwa. Huku Muheza kuna yadi wana mkongo. Nimetuma picha.

Mjomba Kombo: Marahaba Rukia. Mkongo nimejengea majahazi, ule ambao Mombasa wanauita mbambakofi. Mgumu kweli. Ila mvua zake za kwanza unatoa maji ya njano, na hiyo njano inashika nguo.

Mama: Kamba yangu ya kuanikia iko hapo hapo.

Mama: Hapana.

Shangazi Tatu: 😂 mkongo umetoka

Kaka Omari: Mvule basi? Milango ya mjini si mvule mingi?

Mjomba Kombo: Mvule sawa kabisa. Fundi wako aulize bei ya kunoa msumeno kwanza, maana ndani yake huwa na mawe, chokaa imegandamana ndani ya mti. Na akiranda afunge pua, vumbi lake litampigisha chafya mpaka jioni.

Rukia: Mnaendaje mbali na msaji uko hapa? Shamba la Longuza liko wilayani kwetu, TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, wanavuna kila mwaka. Yadi wanao uliopasuliwa tayari.

Mjomba Kombo: Ndiyo niliyokuwa nangoja mtu aseme. Msaji una mafuta yake wenyewe. Ila ziangalie mbao moja moja. Miti michanga ina nyeupe nyingi pembeni, na hiyo nyeupe mchwa wanaila kama mti wowote. Chukua ya kahawia tupu.

Rukia: Na risiti na TP, kile kibali cha kusafirishia mbao, mjomba, kuanzia Muheza mpaka Tanga. Gari likisimamishwa kizuizini bila karatasi mbao zinabaki huko.

Zuhura: Fundi anasema kama ni hivyo anaweka wiki ijayo.

Mjomba Kombo: Mbao zimekauka?

Zuhura: Yeye anasema zimekauka.

Mjomba Kombo: Kila fundi anasema zimekauka. Rukia pima.

Rukia: Nitaazima kile kipimo cha unyevu kazini. Kikisoma zaidi ya asilimia 18 nitamwambia azipange kivulini, vijiti katikati, upepo upite. Mbao mbichi zikiwekwa leo zitasinyaa na kuacha mianya ya kupitisha kidole.

Kaka Omari: Kwani si mnaacha nafasi hata hivyo?

Rukia: Milimita 5 hivi, maji yapite. Nazungumzia ile inayokuja bila kualikwa.

Shangazi Tatu: Samahani kuwakatiza. Mchango wa harusi ya mtoto wa Bi Saada mwisho Ijumaa. Zuhura ndiye mweka hazina.

Kaka Omari: Nimetuma, shangazi.

Mjomba Kombo: Tuendelee. Chini. Mti mgumu haufi kwa juu, unafia chini ambako hakuna anayeangalia. Boriti za chini, moja kila inchi 16, zisiguse udongo, zikae juu ya vigingi vya zege. Upepo lazima upite humo. Na ubao mmoja uachwe wa kufunguka, Zuhura awe anachungulia njia za mchwa.

Zuhura: Fundi kasema misumari ya kawaida, eti msaji unabana wenyewe.

Mjomba Kombo: Mwambie aende akaangalie mashua zilizokufa pale ufukweni. Chuma na mti mgumu na chumvi havikai pamoja. Msumari unatoa weusi kwanza, halafu unaliwa kichwa, ubao unainuka. Skrubu za stenlesi, na atoboe kwanza kwa drili, la sivyo ncha za mbao zitapasuka.

Kaka Omari: Juu tunapiga vanishi, si ndio?

Rukia: Kaka, vanishi juani inabanduka magamba, halafu mwaka kesho unalipia msasa. Mafuta ya mbao za nje, yale yenye dawa ya kuvu. Kabla ya masika, mbao zikiwa kavu.

Mjomba Kombo: Sifa.

Shangazi Tatu: Kombo!! Mafuta ya papa mlangoni kwa dada yako?

Mjomba Kombo: Jahazi linapakwa nini?

Mama: Jahazi halipokei wageni.

Zuhura: 😂😂😂

Rukia: Mafuta ya linsidi (mbegu za kitani) matupu nayo sishauri, kwa unyevu wa hapa yanaota madoa meusi. Na mkitumia yoyote ya aina hiyo, matambara yatandazeni nje yakauke. Yakifinyangwa pamoja kwenye ndoo yanapata moto yenyewe na kuwaka.

Mama: Mimi nauliza utelezi. Masika iliyopita niliteleza sarujini.

Rukia: Ule ukijani, mama. Brashi na sabuni, unafuata urefu wa ubao, kila ukiuona. Ile mashine ya kuoshea magari msiilete, inachana nyuzi za mti na kuacha vibanzi vya kuchoma miguu.

Kaka Omari: Haya, msaji. Nalipa mbao. Skrubu Zuhura angalia mjini.

Zuhura: Niko dukani. Ana stenlesi 304. Hana 316. Anasema ni kitu kimoja.

Rukia: Si kimoja. Kwa kiwanja cha baharini ni 316, hiyo nyingine itaota kutu ya madoa.

Kaka Omari: Nitatafuta huku Dar nitume na basi. Urefu?

Zuhura: Inchi 2 na nusu. Mbao ni inchi 1. Idadi fundi bado anahesabu.

Mjomba Kombo: Mbili kila ubao unapokatiza boriti. Na za ziada, zitaangukia mchangani.