Mshahara 900,000 Kigoma, madeni matano: nitopu mkopo wa benki au nifanyeje?

mtumishi_ujiji

Wakuu, habari za jioni. Mtumishi wa halmashauri, Kigoma Ujiji, nyumba ya watu wanne. Naweka namba zote ili mtu asijibu kwa kukisia.

Mshahara wa msingi 900,000. Baada ya PSSSF (mfuko wa pensheni), bima ya afya, kodi, chama cha wafanyakazi na Bodi ya Mikopo (deni la chuo) inabaki 583,250. Benki inakata 210,000, imebaki miezi 30. Mkononi inafika 373,250.

Madeni ambayo hayapo kwenye salari slipu:

- Mkopo wa mtaani 300,000, riba asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi inatoka 60,000 ya riba, msingi uko palepale. Mwenye pesa anashikilia kadi ya benki na namba ya siri.
- SACCOS 480,000, riba asilimia 1 kwa mwezi ya salio, rejesho 42,700, miezi 12.
- Daftari la dukani 86,000.
- Mkopo wa kwenye simu 35,000.

Matumizi ya mwezi: kodi ya nyumba 50,000 (inalipwa miezi sita kwa mkupuo), chakula 120,000, mkaa 25,000, umeme na maji 18,000, nauli 20,000, vocha 10,000, kikoba 20,000.

Kwenye karatasi inabaki 7,550. Ikifika tarehe 12 nipo dukani naandikiwa. Afisa wa benki amependekeza topapu: nipewe milioni moja, mkopo uanze upya miezi 60, makato yashuke hadi 152,000. Nikubali?

MezaYaMishahara

Kabla ya madeni, tuhakikishe slipu haina kosa, maana wapo wanaokatwa isivyo kwa miaka bila kujua.

PSSSF asilimia 5 ni 45,000. Bima asilimia 3 ni 27,000. Chama asilimia 2 ni 18,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya msingi ni 135,000. Kodi inapigwa baada ya kutoa PSSSF, yaani kwenye 855,000: hadi 760,000 kodi ni 68,000, halafu 95,000 iliyozidi inalipiwa asilimia 25, ambayo ni 23,750. Jumla 91,750. Ukijumlisha yote unapata 316,750, na 900,000 ukitoa hiyo ni 583,250. Slipu yako iko sawa.

Mambo mawili tu. Ulizia salio lako Bodi ya Mikopo kila mwaka, kwa sababu deni likiisha makato hayasimami yenyewe kama taarifa haijamfikia mwajiri, na 135,000 ni pesa kubwa kuliko rejesho lako la SACCOS mara tatu. Pili, kanuni ya theluthi moja: makato yote hayaruhusiwi kukuacha na chini ya theluthi ya mshahara wa msingi, kwako 300,000. Leo una 373,250, kwa hiyo una nafasi ya 73,250 tu ya makato mapya. Wengi wanaiona nafasi hiyo kama pesa yao iliyolala. Hiyo ni chakula chako, mkuu.

Pangani_Boy

Topu tu mkuu. Makato yanashuka 58,000, unamlipa huyo wa mtaani, wa kausha damu, 60,000 yake nayo inarudi. Hapo umepumua 118,000 kila mwezi. Mengine maneno.

KaraniWaSaccos

Kupumua atapumua, ila tuhesabu bei ya hiyo pumzi.

Leo amebakiza 210,000 mara 30, yaani 6,300,000. Akitopu atalipa 152,000 mara 60, yaani 9,120,000. Tofauti ni 2,820,000, na alichopewa mkononi ni milioni moja. Hapo sijaweka ada ya mkopo na bima, ambazo kwa kawaida zinakatwa juu kwa juu, kwa hiyo hata hiyo milioni haitafika nzima. Makato hayajashuka kwa sababu riba ni nafuu, yameshuka kwa sababu deni la miaka miwili na nusu limevutwa liwe la miaka mitano.

Halafu kuna mtego wa theluthi alioutaja MezaYaMishahara. Makato yakiwa 152,000, mkononi itabaki 431,250, na nafasi ya kukopa itapanda hadi 131,250. Simu ya kukopeshwa itapigwa kabla hata msimu wa mvua haujaisha.

Ikibidi kutopu kabisa, sema neno moja: miezi ibaki 30. Kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka ya salio linalopungua, deni lako la sasa ni kama milioni 5.1. Ukiongeza milioni moja kwa miezi ileile 30, rejesho linakuwa kama 251,000. Mkononi inabaki 332,000, theluthi haijaguswa, na nyongeza yote utakayolipa ni kama 1,230,000. Hiyo ni bei ya kawaida ya mkopo. Afisa akikwambia mfumo haukubali miezi 30, mwambie akuandikie hivyo kwenye karatasi, uone kama atakubali.

Lakini kwa namba zako sioni haja ya kwenda benki. Pesa ya kuliua deni la mtaani unayo tayari, ni ileile 60,000. Iko tu mfukoni pasipo pake. Mkopo wa SACCOS wa 300,000 kwa asilimia 1 ya salio, miezi sita, rejesho lake ni kama 51,800. Yaani unalipa pungufu ya unachotoa sasa, na baada ya miezi sita hudaiwi. SACCOS yako ina akiba yako kiasi gani, na unao wadhamini?

mtumishi_ujiji

Akiba ni 290,000. Mdhamini mmoja yupo, wa pili naweza kumpata. Tatizo ni kwamba masharti yanasema huwezi kushika mikopo miwili kwa wakati mmoja.

KaraniWaSaccos

Basi usiombe wa pili, omba mmoja unaomeza ule wa zamani. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba: 290,000 mara tatu ni 870,000. Wewe unahitaji 480,000 ya zamani na 300,000 mpya, jumla 780,000. Upo ndani.

Kwa miezi 12 ileile, rejesho la 780,000 ni kama 69,300. Leo SACCOS na wa mtaani kwa pamoja wanakutoa 102,700. Umeokoa 33,400 kila mwezi bila kusogeza tarehe ya kumaliza hata siku moja. Kuna miezi 18 pia, rejesho linashuka hadi 47,600, lakini kwako siishauri. Mtu akishazoea nafuu anaijazia kitu kingine.

Yanayokwamisha ni haya. Baadhi ya SACCOS zinataka uwe umelipa nusu ya mkopo wa zamani kwanza, soma masharti kabla ya kujaza fomu. Uliza kama riba ni ya salio au ni flati, maana flati inahesabiwa kwenye mkopo wote hadi mwezi wa mwisho hata kama umeshalipa nusu. Na kubwa kuliko yote ni kalenda: kamati ya mikopo mara nyingi inakaa mara moja kwa mwezi. Ukipeleka fomu siku moja baada ya kikao, unasubiri hadi kikao kingine, na wa mtaani anakula 60,000 nyingine. Ulizia tarehe ya kikao kesho asubuhi.

Mpangilio baada ya hapo. Hiyo 33,400 na ile 7,550 iliyokuwa inabaki ni 40,950. Mwezi wa kwanza lipa 35,000 ya simu yote. Deni hilo ni dogo, lakini linatozwa ada siku kwa siku, na linameza kila shilingi inayoingia kwenye laini hata kama umetumiwa pesa ya mtu mwingine. Mwezi wa pili na wa tatu, 40,000 dukani kila mwezi. Wa nne, 6,000 iliyobaki. Kuanzia hapo, karibu 35,000 mwezi huo na karibu 41,000 kila mwezi unaofuata inakwenda kwenye akiba ya dharura hadi ifike 200,000 hivi, ili homa ya mtoto isikurudishe mtaani.

mama_wa_hesabu

Naongeza kuhusu kumalizana na huyo wa mtaani, kwa sababu wengi wanaanguka hapo.

Mtu wa namna hii hapendi ulipe msingi, anapenda riba. Ukimpelekea 300,000 siku moja baada ya tarehe yenu, atakwambia mwezi mpya umeshaanza. Kwa hiyo lipa kabla ya tarehe ya riba, hata siku mbili. Tuma kwa simu ubaki na ujumbe wa muamala wenye jina lake. Akikataa na kutaka taslimu, lipia mbele ya mwenyekiti wa mtaa na iandikwe karatasi ya watu wawili: tarehe, kiasi, na maneno "hakuna deni lililobaki". Dai mkataba wa awali. Kama ulisaini karatasi tupu, ambayo ndiyo silaha yao, irudi na ichanwe mbele yako.

Kadi nayo. Usiishie kurudishiwa. Siku hiyohiyo ingia tawini na kitambulisho, fungia ile kadi, omba mpya na namba ya siri mpya. Anayejua namba ya siri anaweza kuchomoa mshahara wote, na benki haitakuwa upande wako kwa sababu namba uliitoa mwenyewe.

Na ujue sheria inasemaje. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mtu akikopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni, na riba ya wakopeshaji wa daraja la pili (wasiopokea amana) iliwekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye 300,000 hiyo ni 10,500. Wewe unatoa 60,000. Simaanishi umdhulumu, pesa yake uliila. Ila akianza vitisho, wewe si mnyonge kama anavyotaka uamini. Na usikimbilie aplikesheni za mikopo ili umlipe: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya kidijitali yaliyokuwa yanakopesha bila kibali, yakiwemo yanayotangazwa kila saa.

mwalo_kibirizi

Hesabu za madeni zimekaa vizuri. Tatizo lililobaki ni ile tarehe 12.

Chakula 120,000 kwa watu wanne Kigoma kinatosha, ila si kwa kununua dukani robo robo. Daftari halina riba ya kuandikwa, riba imo ndani ya bei. Mafuta ya kupima kwenye kikombe na sukari ya kufungia kwenye mfuko, ukijumlisha hadi ifike lita au kilo, unakuta umelipa zaidi ya aliyenunua sokoni kwa mkupuo.

Mshahara ukiingia, siku hiyo au kesho yake nenda soko la Mwanga na 70,000: makopa (mihogo mikavu) usage mwenyewe, maharage, mawese lita tano, chumvi, sabuni. 50,000 iliyobaki gawa mara tano, 10,000 kwa wiki ya mboga na kitoweo. Mara tano, si mara nne, maana mwezi una siku mbili tatu zinazozidi wiki nne, na hizo ndizo zinazompeleka mtu kwenye daftari.

Dagaa nunua kwa kufuata giza. Wavuvi wanavutia dagaa kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hawaendi, bei inapanda. Giza likirudi na dagaa wakavuliwa wengi, chukua wakavu wa kutosha wiki tatu, uwakague: waliokauka vizuri wanavunjika wakibanwa, wakijikunja wataota ukungu kabla hujafika mwisho wa sado. Na weka akilini kufungwa kwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ikifika Aprili uwe umeshaweka dagaa ndani.

Dukani ongea na mwenye duka kabla hajakuuliza: mwezi huu hulipi, mwezi ujao 40,000, unaofuata 40,000, kisha 6,000, na kuanzia leo huandikiwi. Pitieni daftari pamoja mstari kwa mstari, mtie sahihi kwenye jumla. Watoto waliotumwa wakaandikiwa soda wapo kwenye kila daftari la nchi hii.

mtumishi_ujiji

Kikao cha kamati ni Alhamisi wiki ijayo, nimeulizia. Riba ni ya salio, na sharti la kulipa nusu kwanza halipo kwetu. Kikoba niache? Na ile 50,000 ya kodi ya nyumba niiweke wapi? Ikikaa kwenye simu inaliwa.

KaraniWaSaccos

Kikoba usitoke katikati ya mzunguko, vikundi vingi vina faini au vinakurudishia hisa bila faida. Omba ushuke hadi kiwango cha chini cha hisa mpaka mvunje. Kodi ya nyumba usiiweke kwenye laini yenye deni, itamezwa. Hadi deni la simu liishe, ipeleke kwenye akiba ya hiari ya SACCOS, ile unayoweza kuitoa, si akiba inayodhamini mkopo. Hizo mbili ni akaunti tofauti, na kwenye fomu ya kuwekea lazima uandike ni ipi. Usipoandika, kwa kawaida wanakuwekea kwenye ile isiyotoka, na miezi sita ikifika utakuwa na 300,000 usiyoweza kuigusa, na mwenye nyumba mlangoni.

MezaYaMishahara

Na fomu ya mkopo inataka salari slipu za karibuni. Zitoe leo kwenye ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, usingoje Jumatano usiku, mtandao ukisumbua utakosa kikao.