Binti wa miaka minne na nusu: nimwanzishe kusoma?

Mzazi: Salaam. Kila tukienda dukani, binti yangu hunyooshea kidole mfuko wa sukari akiuliza pameandikwa nini. Je, nimwanzishe sasa, au nisubiri darasa la awali?

Mwalimu wa awali: Ndugu mzazi, umri peke yake hautoshi kuamua. Mwambie apige makofi huku akitamka "karanga". Akipiga matatu, ka-ra-nga, bila kusaidiwa, kisha akakutajia neno jingine linaloanza na "ka", basi sikio lake limeshaanza kutenganisha silabi, na hapo ndipo kusoma Kiswahili kunapoanzia, kwa kuwa maandishi yetu hufuata matamshi kwa karibu. Kuimba a, b, ch, d si dalili. Hata kasuku huimba.

Mama wa watatu: Naafiki, ila usimharakishie penseli. Wangu wa pili alisoma "baba" na "kuku" kabla vidole vyake havijamudu kuandika.

Mwalimu wa awali: Ni kweli kabisa. Anza na irabu, kisha ma, me, mi. "Mbwa" na "ng'ombe" vije baadaye. Akigeuza uso, funga kitabu. Iwapo mara nyingi haitikii ukimwita, mpeleke kwanza akapimwe masikio.