Neno la siku mnalipataje wenzangu?

Mama wa Mwaloni
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki la ziwani hapa Mwanza, nasali kanisa la kilokole. Kila asubuhi kabla sijatoka nafumba macho nafungua Biblia, kidole kinapoangukia ndo neno langu la siku. Sasa mwezi uliopita kuna tajiri wa mtumbwi alitaka nimtangulizie hela ya mafuta ili dagaa wakitoka aniuzie mimi kwanza, nikawa nasitasita, asubuhi nikafungua nakutana na Luka 5:4, "Tweka mpaka kilindini, mkashushe nyavu zenu mvue samaki." Nililia pale pale kitandani, nikajua Mungu kasema. Nikatoa hela yote. Kumbe mbalamwezi ilikuwa inakolea, taa za kuvulia dagaa usiku hazivuti kitu, siku nne mtumbwi unarudi na vindoo viwili vitatu tu. Sijamkasirikia Mungu ila swali limebaki. Nyie wa makanisa mengine neno la siku mnalipataje, na mnajuaje ni la kwenu?

Baba P, Igoma
Tumsifu Yesu Kristo dada, pole sana na mtaji. Sisi Wakatoliki hatuchagui, tunapangiwa. Masomo ya dominika yanazunguka miaka 3, A, B na C, na siku za kawaida somo la kwanza lina mzunguko wa miaka 2, kwa hiyo nikiwa kwenye daladala asubuhi nasoma injili ya leo najua padri wa Bugando na bibi yangu kule Ukerewe wako kwenye maneno hayohayo. Kuna siku nilikuwa nimegombana na mdogo wangu kwa ajili ya shamba, hatusalimiani, nikafungua masomo nakuta Mathayo 18, samehe saba mara sabini. Ningekuwa najichagulia ningefunika nikatafute Zaburi ya kunifariji. Halafu kwenye jumuiya tunasoma injili mara mbili, tunakaa kimya, kila mtu anataja neno lililomgusa, na wazee wapo wa kukurekebisha ukilivuta unakotaka wewe.

Msabato wa Pasiansi
Sisi tuna Kesha la Asubuhi, kitabu cha neno la kila siku, na lesoni ya robo, yaani kitabu cha kujifunza Biblia kwa miezi mitatu, masomo 13, moja kila juma na fungu lake la kukariri. Ila mama naomba nikuulize kwa upendo, uliishia fungu la 4? Fungu la 5 Petro anasema wamefanya kazi usiku kucha hawajapata kitu, na ukifika la 11 wameacha vyote wamemfuata Yesu, na samaki wenyewe waliowapata baada ya kushusha nyavu wamewaacha pale ufukweni. Habari ile inawatoa watu kwenye mtumbwi, we umeitumia kuingia.

Mnyamwezi wa Nyakato
Mimi Mmoraviani, na kwetu kura siyo kitu kigeni. Mwaka 1728 kule Herrnhut Ujerumani Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani, alianza kuwapa waumini neno la kila siku, na toka 1731 linachapwa kitabu kila mwaka mpaka leo. Mstari wa Agano la Kale unapigiwa kura kweli, lakini wa Agano Jipya mtu anakaa anatafuta unaoendana nao. Na kura yenyewe inapigwa kama miaka mitatu kabla, kwa hiyo hakuna wa kusema mstari wa leo umetoka kwa ajili ya dili lake. Zamani Wamoraviani walipiga kura hadi za nani aoe nani, baadaye wakaacha.

Mlokole mwenzio
Dada yangu usikate tamaa, Mungu anasema hata kwa kufungua. Agostino, yule mtakatifu wa kanisa la kale, mwaka 386 alisikia sauti ya mtoto ikisema chukua usome, akafungua akakuta Warumi 13:13, maisha yake yakabadilika. Ila angalia alichoambiwa, aache ulevi na uasherati. Hakuambiwa biashara gani aweke hela. Mambo ya mbalamwezi mvuvi yeyote hapo mwaloni angekwambia bure.

Mama wa Mwaloni
Asanteni sana, hiyo ya fungu la 11 imeniingia sana, nimeisoma mara tatu hapa nimekaa kwenye gunia. Nimeanza Luka sura ya 1, kila siku nitasoma kipande mpaka niimalize. Na jana nilimfuata yule mzee anayeshona nyavu nikamuuliza giza linaanza lini, kasema Alhamisi.