Naomba ushauri: Baba amejifungia tangu mama afariki

Wakuu, naombeni msaada wenu. Baba ana miaka 74, yuko Muheza, Tanga. Tangu tumzike mama mwaka jana, hatoki. Zamani akishaswali alasiri alikaa barazani na wenzake wakicheza bao hadi magharibi; sasa wakija kumwita anasema kichwa kinamuuma. Chakula anadonoa tu. Dawa zake za presha nimezikuta kabatini, karatasi hazijatobolewa.

Kitambulisho cha matibabu ya wazee anacho, na dirisha la wazee lipo, ila pale anapimwa, anaandikiwa dawa, basi. Hakuna anayemuuliza analalaje. Shangazi naye ni mjane, lakini ana kikoba na wanawake wenzake, asipoonekana wanamfuata hadi mlangoni. Wazee wa kiume nani anawafuata? Hili linaniumiza sana.

Nimlete Dar nikae naye, au nitakuwa nimemng'oa kwenye shamba na watu wake? Na kuna aliyewahi kumpeleka mzazi kwa daktari wa afya ya akili bila mzee kuona anaitwa kichaa? Mlimwambiaje?